Aliyelinda Nyumba za Wengine Asikose Paa Lake

Wahenga walinena kwamba fadhila ya punda ni mateke. Maneno hayo humrudia mtu akilini kila anapomwona mzee aliyewahi kuvaa sare ya jeshi la nchi yake, akashika bunduki na kukesha mpakani ili wenzake walale, naye sasa hana hata chumba kimoja cha kulaza ubavu. Katika makala haya nataka kuwaeleza wasomaji jinsi taifa moja kubwa, Marekani, lilivyohangaika na jambo hilo kwa muda wa karibu miaka mia moja; likakosea, likajirudi, likakosea tena, na hatimaye likapata njia ambayo imewatoa maelfu ya maveterani barabarani. Nataka pia kuuliza sisi hapa Uganda tuchukue nini katika mafunzo hayo, na nini tukiache huko huko.

Naandika nikiwa ofisa wa jeshi ambaye kazi yake ni kusema na wananchi. Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kwamba kamanda hali chakula mpaka askari wake wa mwisho apate, wala halali mpaka ajue kila mmoja wao amelala wapi. Tulilishika fundisho hilo kwa jasho na usingizi mchache. Lakini liko swali ambalo wakufunzi wetu hawakutuuliza, nalo ni hili: je, wajibu huo unakoma siku ile askari anaporudisha bunduki ghalani na kutia sahihi karatasi za kuagana na jeshi?

Nilipokuwa mtoto, katika kijiji chetu alirudi askari mmoja miongoni mwa wale waliopunguzwa jeshini katika miaka ya tisini. Alikuja na mabati mapya yanayomeremeta, nasi watoto tukamfuata tukishangilia. Mabati yale aliyaegemeza kwenye mwembe. Mvua za kwanza zikapita, na za pili, yakiwa pale pale. Siku moja nikamwuliza, "Afande, mabati haya utayaezeka lini?" Akanitazama, akasema, "Mwanangu, bati halisimami angani." Sikumwelewa. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alipokuwa vitani ndugu zake waligawana shamba la baba yao, na fungu lake halikuwapo. Mwishowe mabati yale yaliuzwa moja moja, na mwenyewe akafa akiwa analala katika stoo ya watu. Neno lake lile ndilo lililonisukuma kuandika makala haya.

MAVETERANI WALIOCHOMEWA VIBANDA

Mwaka 1924 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwapa askari waliopigana Vita Kuu ya kwanza malipo ya ziada kwa utumishi wao. Lakini malipo hayo yalikuwa hati tu, na fedha zenyewe zilikuwa zitolewe mwaka 1945. Halafu ukaja mdororo mkubwa wa uchumi. Kazi zikakosekana, benki zikafungwa, na watu wakatolewa katika nyumba walizoshindwa kulipia. Mwaka 1932 maveterani zaidi ya 15,000, wengi wao pamoja na wake na watoto, wakaenda Washington kuomba walipwe mapema. Walijenga vibanda vya mbao, maboksi na mabati makuukuu katika tambarare za Anacostia, ng'ambo ya mto kutoka makao ya Bunge.

Baraza la Seneti lilikataa ombi lao mwezi Juni. Tarehe 28 Julai 1932, baada ya polisi kuwaua kwa risasi maveterani wawili, Rais Hoover aliagiza jeshi liwaondoe katikati ya mji. Jenerali Douglas MacArthur, Mkuu wa Majeshi wakati huo, aliongoza askari wa miguu, wapanda farasi, vifaru na moshi wa kutoa machozi. Jeshi likavuka mto, na usiku ule vibanda vya Anacostia vikateketea kwa moto. Vijana wenye sare wakawafukuza watu waliovaa sare ile ile miaka kumi na minne kabla yao. Mwanajeshi yeyote asomaye habari hiyo hawezi kuimaliza bila kuinamisha kichwa.

Hata huruma iliyofuata ilikuwa ya nusu nusu. Baadhi ya maveterani walipelekwa kusini kabisa mwa jimbo la Florida kujenga barabara, nao wakalazwa katika mahema na vibanda vyepesi kando ya bahari. Tarehe 2 Septemba 1935 tufani kali ilipiga pale, na garimoshi lililotumwa kuwaokoa lilichelewa. Maveterani zaidi ya 250 walikufa. Watu hawa walikuwa wamenusurika mizinga ya Ufaransa, wakaja kuuawa na upepo katika nchi yao wenyewe kwa sababu makao waliyopewa hayakustahili kuitwa makao. Mwaka uliofuata, 1936, Bunge liliamua fedha zile zilipwe.

SHERIA YA MWAKA 1944

Marekani ilipoingia katika vita vya pili, viongozi wake waliikumbuka aibu ya Anacostia. Tarehe 22 Juni 1944, vita vikiwa bado vinaendelea, Rais Roosevelt alitia sahihi sheria ya kuwasaidia askari warudio nyumbani. Yafaa tuzingatie jambo hilo: matayarisho yalifanywa kabla askari hawajarudi. Sheria ile iliwapa masomo, posho ya kutafutia kazi, na dhamana ya mikopo ya nyumba. Serikali haikumgawia mtu nyumba. Ilisimama mbele ya benki kama mdhamini, ikasema, "Mkopesheni huyu, akishindwa, nasi tupo." Kufikia mwaka 1952 mikopo ya nyumba ipatayo milioni 2.4 ilikuwa imedhaminiwa kwa njia hiyo, na vitongoji vipya vikaota kuzunguka kila mji mkubwa.

Hata hivyo, sheria njema ikitiwa mikononi mwa wabaguzi hugeuka upanga wenye makali upande mmoja. Uamuzi wa kukopesha uliachiwa benki za mahali, na benki hizo ziliwakataa maveterani weusi waziwazi. Katika miji kadha ya jimbo la Mississippi, uchunguzi uliofanywa mwaka 1947 ulionyesha kwamba katika mikopo zaidi ya 3,000 iliyodhaminiwa na serikali, mikopo miwili tu ilikuwa imetolewa kwa watu weusi. Walivaa sare moja na kupigana vita vimoja, lakini mlango wa benki ukawatenganisha.

Nasi Waafrika tusilishangae jambo hilo kana kwamba ni geni. Babu zetu wa Keya waliopigana Burma walirudi makwao na malipo ya kuagwa yaliyopangwa kwa rangi ya ngozi. Basi funzo la kwanza ni hili, kwamba msaada wa makao haupimwi kwa maandishi ya sheria peke yake. Hupimwa kwa kumwuliza askari wa cheo cha chini kabisa, aliye mbali kabisa na mji mkuu, kama umemfikia.

KIZAZI CHA VIETNAM

Waliorudi kutoka Vietnam hawakupata shangwe walizopata baba zao. Vita vyenyewe vilikuwa vimeligawa taifa, na askari wakabebeshwa lawama za wanasiasa. Katika miaka ya themanini wengi wao walianza kuonekana wakilala chini ya madaraja na milangoni mwa maduka. Sababu zilikuwa nyingi na zilifungamana. Vyumba vya bei nafuu vya katikati ya miji vilibomolewa ili majengo ya fahari yapate nafasi. Hospitali za magonjwa ya akili zilikuwa zimefungwa au kupunguzwa kabla ya huduma za mitaani kuwekwa mahali pake. Kazi za viwandani zilipungua. Na juu ya hayo yote, wako waliorudi na majeraha yasiyoonekana, yaani ndoto za vita, ghadhabu isiyo na sababu, na pombe iliyotumiwa kama dawa ya kuzima kumbukumbu.

Mwaka 1988, mjini San Diego, maveterani wenyewe wa Vietnam walianzisha jambo ambalo kila mwanajeshi atalielewa. Vitani, kikosi kilichochoka huondolewa mstari wa mbele na kupelekwa mahali salama, ambako askari huoga, hula chakula cha moto, hutibiwa na kulala bila kuogopa. Maveterani wale walipiga mahema, wakawaalika wenzao wa barabarani kwa siku tatu, wakawapa nguo, daktari, mwanasheria na kitanda. Desturi hiyo ikaenea katika miji mingi. Lakini siku ya nne mgeni alirudi barabarani kama alivyokuja. Haja ya nyumba ilikuwa bado.

HATI YA KODI INAVYOFANYA KAZI

Mpango ulioleta mabadiliko ulianza kwa udogo mwaka 1992. Wizara ya Nyumba na Idara ya Maveterani ziliungana katika kazi moja, na mpango huo hujulikana kwa kifupi chake, HUD-VASH. Kwa miaka mingi ulibaki mdogo. Mwaka 2008, wakati vijana walipokuwa wakirudi kutoka Iraki na Afghanistan, Bunge lilitoa dola milioni 75 kwa ajili ya hati mpya zipatazo 10,000, na tangu hapo zimekuwa zikiongezwa hata kupita 100,000.

Utaratibu wake ni huu. Veterani asiye na makao hupewa hati, kisha hutafuta nyumba ya kupanga kwa mwenye nyumba wa kawaida katika mtaa wa kawaida. Yeye hulipa kodi kiasi cha asilimia 30 ya pato lake, na serikali humlipa mwenye nyumba sehemu iliyobaki, ilimradi kodi isipite kiwango kilichowekwa kwa eneo hilo. Mathalani, mtu mwenye pato la dola 1,000 kwa mwezi, aliyepanga nyumba ya dola 1,500, atalipa kama dola 300, na serikali italipa 1,200. Pato lake likipanda, naye hulipa zaidi. Hakuna tarehe ya kumfukuza maadamu anafuata masharti ya upangaji.

Nusu ya pili ya mpango huo ndiyo ambayo watu wengi huisahau. Kila mwenye hati huwekewa mfanyakazi wa ustawi wa jamii kutoka Idara ya Maveterani. Mtu huyo humsaidia kutafuta nyumba, humtembelea, humpeleka hospitali, humwandikia barua za kudai malipo ya ulemavu, na husimama kati yake na mwenye nyumba panapotokea ugomvi. Kwa lugha ya kijeshi, hati ni silaha na mfanyakazi huyo ni ugavi. Kikosi kilichopewa silaha bila ugavi hakifiki mbali.

Mwaka 2009 Rais Obama na Waziri wa Maveterani, Eric Shinseki, walitangaza kwamba watakomesha hali ya maveterani kukosa makao katika muda wa miaka mitano. Shinseki hakuwa mgeni wa mambo hayo. Alikuwa jenerali mstaafu aliyepoteza sehemu ya mguu wake kwa bomu la ardhini huko Vietnam. Lengo hilo halikutimia lote, na sharti tuseme hivyo bila kuficha. Lakini tutazame hesabu. Kila mwezi Januari, katika usiku mmoja uliochaguliwa, watu wa kujitolea hupita mitaani na katika mabweni ya hifadhi wakiwahesabu wasio na makao. Mwaka 2010 walihesabiwa maveterani 74,087. Mwaka 2024 walihesabiwa 32,882, yaani idadi imepungua kwa zaidi ya nusu. Katika hesabu hiyo hiyo ya mwaka 2024, jumla ya watu wote wasio na makao nchini humo ilifika 771,480, ambayo ilikuwa kubwa kuliko zote tangu hesabu hizo zianze. Nchi ni moja, kodi za nyumba zinapanda kwa wote, na majira ya baridi ni yale yale. Kundi lililowekewa mpango, fedha na watu wa kulifuatilia lilipungua, na mengine yakaongezeka. Sijui ushahidi gani ulio wazi kuliko huo.

WASEMAVYO WAPINZANI

Wako wasemao kwamba mtu akilala barabarani ni kwa sababu ya ulevi na uvivu, na kwamba kumpa nyumba kabla hajaacha pombe ni kumwaga maji mchangani. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana kila mmoja wetu amemwona mtu aliyesaidiwa akarudi kule kule. Lakini imejaribiwa, wala haikubaki maneno matupu. Mwaka 1992, mjini New York, mtaalamu wa saikolojia Sam Tsemberis alianza kuwapa nyumba watu wenye maradhi ya akili bila kuwadai kwanza wapone au waache ulevi. Tiba ilifuata wakiwa tayari wamekaa. Njia hiyo huitwa Nyumba Kwanza, nayo ndiyo iliyokuja kufuatwa katika mpango wa maveterani. Kanada nayo ilifanya jaribio kubwa katika miji mitano kati ya mwaka 2009 na 2013, likihusisha watu wapatao 2,000, na ikaonekana kwamba waliopewa nyumba kwanza walidumu katika makao kuliko wale walioachwa katika taratibu za kawaida.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba nyumba haimponyi mlevi kwa yenyewe. Wengine huendelea kunywa wakiwa ndani. Lakini ni daktari gani awezaye kumtibu mgonjwa asiyejulikana kesho atakuwa chini ya daraja lipi? Katika jeshi, askari akipatwa na homa huku mvua ikinyesha, hatumwambii apone kwanza ndipo tumpe hema. Tunamwingiza hemani, kisha tunamwita mganga.

Mabishano hayo hayajaisha hata huko kwenyewe. Mwezi Julai 2025 Rais Trump alitoa amri inayoiagiza serikali iache kuunga mkono sera ya Nyumba Kwanza na kusisitiza matibabu. Miezi miwili kabla yake alikuwa ametoa amri nyingine ya kujenga kituo cha maveterani huko Los Angeles, chenye lengo la kuwapatia makao watu hadi 6,000 ifikapo mwaka 2028. Matokeo yake yatahukumiwa na hesabu za usiku wa Januari katika miaka ijayo, kama yalivyohukumiwa ya waliotangulia.

KASORO ZA MPANGO

Mpango wenyewe una kasoro, na mtu anayetaka kujifunza hana budi kuzitazama kuliko anavyotazama sifa.

Kwanza, hati si nyumba. Maelfu ya hati zimekaa bila kutumika kwa sababu kodi katika miji mingi zimepita kiwango kinachoruhusiwa, au kwa sababu wenye nyumba hawawataki wapangaji wa serikali, au kwa sababu wafanyakazi wa kuwafuatilia maveterani hawatoshi.

Pili, kanuni za ofisini ziliwahi kumgeuka aliyeumia zaidi. Kwa miaka mingi malipo ya ulemavu wa vitani yalihesabiwa kuwa pato. Kwa hiyo ikatokea kwamba veterani mwenye majeraha makubwa kabisa, kwa vile malipo yake yalikuwa makubwa, alionekana ana pato la kutosha, na akakataliwa katika baadhi ya nyumba zilizojengwa kwa ajili ya watu kama yeye. Kanuni hiyo ilirekebishwa mwezi Agosti 2024. Fikiri, msomaji, ni wangapi walilala nje kwa sababu waliumia mno!

Tatu, ni suala la namna mtu alivyoondoka jeshini. Aliyeachishwa kwa makosa ya nidhamu hakuruhusiwa kuingia katika mpango, ijapokuwa mara nyingi makosa hayo yalikuwa dalili ya akili iliyojeruhiwa vitani. Sheria iliyoanza mwaka 2021 imewafungulia mlango wengi wa watu hao, isipokuwa waliofukuzwa kwa aibu kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi.

Nne, ni ardhi. Mwaka 1888 wafadhili walitoa ardhi magharibi mwa Los Angeles iwe makao ya askari wasiojiweza. Leo eneo hilo lina ekari 388. Maelfu ya maveterani waliishi pale zamani. Baadaye sehemu zake zikakodishwa kwa mambo mengine: uwanja wa besiboli wa chuo kikuu, viwanja vya michezo vya shule ya kulipia, hata kisima cha mafuta, na huku nje ya uzio maveterani wakilala katika mahema kando ya barabara. Walikwenda mahakamani mwaka 2011, wakaafikiana na serikali mwaka 2015, na walipoona ujenzi unasuasua wakarudi tena mahakamani. Mwezi Septemba 2024 Jaji David Carter alitamka kwamba ukodishaji ule ulikuwa kinyume cha sheria, akaamuru zijengwe nyumba za kudumu zipatazo 1,800 na za muda 750. Serikali ilikata rufaa. Basi hata taifa tajiri kabisa linaweza kuwa na ardhi, na fedha, na maveterani, na bado vitatu hivyo visikutane.

SISI JE?

Sasa turudi nyumbani. Kati ya mwaka 1992 na 1995 Uganda iliwapunguza askari zaidi ya 36,000 kutoka jeshini. Iliundwa Bodi ya Kuwasaidia Maveterani, Benki ya Dunia na mataifa rafiki wakachangia, na askari wakasafirishwa hadi wilaya zao. Kila mmoja alipewa fedha kwa mafungu kupitia benki, mbegu, jembe na mabati. Kazi hiyo imesifiwa na wataalamu wa nchi nyingi, na sifa hizo ni za haki. Kuwarudisha watu wengi kiasi hicho vijijini bila nchi kutumbukia katika ujambazi si jambo dogo.

Lakini namkumbuka yule jirani yetu na mabati yake kwenye mwembe. Aliyekuwa na shamba, bati lake likawa nyumba. Asiyekuwa na shamba, bati lake likawa bidhaa ya sokoni. Kama vile hati ya Marekani isivyo nyumba, bati la Uganda nalo si nyumba. Funzo la ng'ambo na funzo la nyumbani yanakutana hapo.

Sipendekezi tuige mpango wa kulipiana kodi. Kwetu mwenye nyumba wa mjini hudai kodi ya miezi kadha kabla, mikataba mingi ni ya mdomo, na malipo ya serikali yakichelewa mwezi mmoja tu mpangaji atakuta vitu vyake uani. Aidha, askari wengi wa Uganda hawataki kuzeekea chumba cha kupanga. Wanataka kiwanja chenye migomba yao na makaburi ya wazee wao. Tuwape msaada unaofanana na maisha yao.

Naona mambo manne yanayowezekana. La kwanza ni kuhesabu. Wamarekani walianza kushinda walipoanza kuhesabu kila mwaka na kutangaza hesabu hata ilipowaaibisha. Nasi katika kila wilaya tunayo orodha ya wastaafu, basi iongezwe safu moja ya kuuliza mtu huyu analala wapi, na ardhi ile ni ya nani.

La pili ni ardhi kabla ya bati. Miaka mitatu kabla ya askari kustaafu, ofisa anayehusika akae naye na kumwuliza habari za fungu lake. Kama lipo, lipimwe na kuandikwa akiwa bado ana sare, maana ndugu huliheshimu zaidi dai la mtu aliye kazini kuliko la mtu aliyerudi mikono mitupu. Kama halipo, akiba yake ianze kuelekezwa huko mapema. Chama chetu cha akiba na mikopo cha Wazalendo kimekuwapo tangu mwaka 2005; kijana atumiaye mkopo wake wa kwanza kununua pikipiki apate wa kumshauri kwamba kiwanja hakipasuki tairi.

La tatu ni mke, au mume, na watoto. Familia nyingi za askari zimeishi kambini katika vile vibanda vya bati vya duara ambavyo watu wamevipa jina la mama ingia pole, kwa sababu mlango wake humlazimisha mtu kuinama. Askari akifa, mjane huinama mara ya mwisho kutoka nje, na mara nyingi hana pa kwenda. Jina lake liandikwe katika hati ya kiwanja pamoja na la mumewe, ili mazishi ya mmoja yasiwe ndio mwanzo wa mwingine kutangatanga.

La nne ni mtu wa kumfuata mstaafu baada ya kuagana naye. Mfanyakazi mmoja katika wilaya, mwenye pikipiki na daftari, anayewajua wastaafu wake kwa majina na kuwatembelea katika mwaka wa kwanza na wa pili, atafanya kazi ambayo lori zima la vifaa haliwezi kuifanya. Na daftari lake lisiwaruke waliotoka jeshini kwa makosa madogo, wala walio na maradhi ya akili.

Najua kuna mwananchi atakayeuliza, kwa nini askari, na wakulima wangapi hawana nyumba? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba mkulima, akiisha kujaliwa shamba, hujenga mwaka baada ya mwaka alipo. Askari sisi wenyewe tulimwondoa alipo. Tulimhamisha kutoka kambi hii hadi ile, kutoka kaskazini hadi Somalia, katika miaka ile ile ambayo wenzake walikuwa wakipanda migomba na kufyatua matofali. Tunachomrudishia ni muda wake. Tena, njia ikipatikana kwa askari huweza kuwafaa wote. Taratibu za kuandika ardhi kwa gharama nafuu hazitauliza kama mwenye shamba aliwahi kupiga saluti.

Kwa hiyo narudi kwenye swali langu la mwanzo. Kamanda hulala akiisha kujua kila askari wake amelala wapi. Sikuona mahali popote katika mafundisho yale paliposema kwamba amri hiyo ina tarehe ya kwisha. Wakuu wangu, maofisa wenzangu, viongozi wa wilaya, na ninyi ndugu wa ukoo mnaogawana mashamba wakati mwenzenu yuko vitani, sote tumo katika safu hii. Kila mmoja amtafute mstaafu aliye karibu naye, amwulize usiku wa leo analala wapi, na asiondoke kabla ya kusikia jibu.